Mrejesho: Glock 17 kiunoni, hapa Houston
Wakuu, niliuliza kama bastola kubwa kama Glock 17, ile ya risasi 17 kwenye magazini, inabebeka kila siku bila kuonekana. Inabebeka. Kumbe shida si mtutu, huo unazama ndani ya suruali. Kinachotokeza ni mpini, hasa ukiinama kufunga kamba za viatu. Aliyenishauri mkanda mgumu, asante sana, suruali haishuki tena. Mfuko wa bastola nimechukua wa plastiki ngumu unaofunika kifyatulio chote, na hapo sitaki mjadala. Texas tangu Septemba 2021 haidai kibali cha kubeba bastola kwa mwenye sifa, lakini shuleni na baa zenye bango la 51% (yaani mapato yake asilimia 51 au zaidi ni ya pombe inayonywewa humo) bastola haiingii. Nikiendesha gari bado inanibana tumbo. Hilo natafuta dawa.