Kamati za fidia ya wanyamapori: zipendekeze tu, au ziamue?

Jirani wa Tsavo: Wandugu, hii tuijadili bila matusi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilizipa kaunti kamati za uhifadhi na fidia. Mwenyekiti anateuliwa na gavana, katibu ni afisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndovu akiua mtu, kamati inahakiki madai kisha inampelekea waziri mapendekezo. Mapendekezo! Familia inazika, inamaliza arubaini, inapata wajukuu, faili bado liko Nairobi. Kifungu kibadilishwe: kamati ikiamua imeamua, na malipo yawekewe muda. Nani anapinga?

Hesabu Kali: Mimi. Kifo ni milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3. Ukimpa uamuzi mtu asiyetafuta hizo pesa, kesho atapitisha hata aliyeanguka mnazini. Nyinyi majirani wa mbuga mmeifanya fidia zao la msimu. Na hapo sijamtaja nyoka.

Binti Mwingi: Zao la msimu? Njoo uyaseme hayo matangani. Binamu yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kifutu. Alivuna nini?

Hesabu Kali: Pole kwa binamu. Lakini ndovu ana mwenyewe, ni serikali, na mtalii analipa kumwona. Kifutu nani anamlipia kiingilio?

Binti Mwingi: Kwa hiyo mnyama asiyepigwa picha akiua, marehemu hakufa?

Karani Mstaafu: Mmeruka jambo. Sheria hiyo hiyo inasema asiyelinda mifugo au mazao yake ipasavyo halipwi. "Ipasavyo" ni nini? Ua wa miiba? Waya wa umeme? Kabla ya kuipa kamati meno, ilazimishwe kuandika sababu kila inapokataa, na mdai apewe nakala.

Hesabu Kali: @Binti, usinilishe maneno. Nasema orodha ilirefushwa mno. Jedwali la 2013 lilitiwa nyoka wenye sumu, papa, samaki taa, mpaka nyangumi. Nyangumi! Nani amevamiwa na nyangumi shambani?

Mpwani Halisi: Nyangumi cheka. Taa muache. Akikuchoma mwiba wake utaita majina yote ya wazee wako. Ninyi wa bara mnaijua bahari kwa picha za harusi.

Hesabu Kali: Nimezaliwa Likoni, bwana.

Mpwani Halisi: Basi una hatia zaidi.

Jirani wa Tsavo: Jamani, kamati...

Kijana wa Laikipia: Kamati gani, ndugu? Mwenyekiti wa gavana ni mtu wa kampeni wa gavana. Mkimpa uamuzi mtalipwa kwa kata zilizopiga kura vizuri.

Jirani wa Tsavo: Sheria inataka ateuliwe kwa ushindani.

Kijana wa Laikipia: 😂😂😂

Binti Mwingi: Bado nangoja jibu la swali langu kuhusu marehemu.

Hesabu Kali: Jibu ni bima ya afya, si kamati. Aliyeumwa na nyoka anataka dawa leo, si hundi baada ya miaka.

Binti Mwingi: Hilo ndilo neno la kwanza la maana umeandika. Dawa yenyewe zahanati yetu haina.

Mpwani Halisi: Na ya taa je?