Landrover 109 ya mzee, nipo Ujiji: nianze na bodi au chasisi?

Mwana wa Ujiji: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mzee kaniachia 109 yake ya petroli, zamani alibebea chumvi kutoka Uvinza. Imelala chini ya mwembe miaka sita, kuku wameifanya kwao. Injini imewaka. Tatizo kutu, mahali pa kukanyagia dereva unaona ardhi. Kuna fundi wa Mwanga anasema ataziba kwa puti, msasa, rangi, siku tano naondoka nayo. Nimpe kazi?

Grisi Mkononi: Usimpe hata shilingi, mdogo wangu. Bodi ya Landrover karibu yote ni aluminiamu, haili kutu kama chuma. Kinachooza ni ule ukuta wa mbele unaoshika dashibodi, na chasisi. Chasisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Tope likiingia linaila toka ndani, wewe nje unaona rangi nzima. Halafu chumvi ya Uvinza! Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kuanzia nyuma zinaposhikia springi. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinajibu pu.

Kijana wa Tauni: Peleka kwa wa vyuma chakavu, chukua IST.

Mwana wa Ujiji: IST ipande Kalinzi na mvua hizi?

Mama Spea: Kabla hujaagiza Dar au Arusha, ijue gari yako. Saa za dashibodi, za mwendo na mafuta, zikiwa mbele ya dereva ni Series III, ya 1971 hadi 1985. Zikiwa katikati, ni ya zamani zaidi. Na useme 109, ile ndefu. Mimi nililetewa silinda za breki za 88, ile fupi, zikaja kwa treni, zikarudi kwa treni.

Mwana wa Ujiji: Nimegonga. Nyuma kulia bisibisi imezama mpaka mpini, yakamwagika magamba mekundu na tope la miaka. Fundi kachungulia, kakuna kichwa: "Hata hapo puti inashika."

Grisi Mkononi: Huyo mwage. Tafuta mchomeleaji. Akate mpaka afike chuma kizima, asibandike kiraka juu ya kutu, bati liwe la milimita 2. Kabla ya kukata, chasisi ikae sawa juu ya magogo, isije ikapinda. Betri chomoa. Tenki litoke kabisa, na usidanganyike kwamba ni tupu, mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Mwisho nyunyiza oili ndani ya boksi. Rangi mwakani.

Mwana wa Ujiji: Mawese hayafai? Huku ni rahisi kuliko oili.

Mama Spea: Mawese pikia maharage, baba.

Mwana wa Ujiji: Sawa mama. Naanza na tenki leo. Nimeinua siti, nimekuta mayai manne, moja bado lina joto.