Tupeane uzoefu: lundo la mboji lisilopata joto

#1
Wakuu, tuweke hapa yanayolifanya lundo ligome. Naanza na ukubwa, maana wengi hukwamia hapo. Upana, urefu na kimo visipungue mita 1 kila kimoja. Likiwa dogo, joto hutoroka kabla vijidudu havijashika kazi. Chini tandika mabua manene yapitishe hewa. Juu yake majani makavu sentimita 20, kisha samadi au majani mabichi sentimita 10, na udongo kidogo wa kunyunyiza. Rudia hivyo hadi kimo kitimie. Mwagilia kila tabaka, usisubiri kumwaga juu mwishoni.

#2
Mkuu umegusa penyewe. Kuhusu maji: chota konzi moja kutoka katikati, uifinye. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, hewa imekosa nafasi, na hapo ndipo harufu ya yai viza inapoanzia. Harufu kali kama ya mkojo ina chanzo kingine: samadi imezidi, hasa ya kuku, na naitrojeni inapotea hewani. Changanya mabua makavu yaliyokatwakatwa, ugeuze. Tafadhali msimimine majivu mengi kuua harufu, yanazidisha upotevu huohuo.

#3
Kama huna kipimajoto, chomeka kijiti kirefu hadi kiini, subiri dakika 10, chomoa ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa kimelowa na cha baridi, geuza. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 55 hadi 65. Ili mbegu za magugu zife, zinahitaji angalau siku 3 mfululizo kwenye joto hilo, na pembeni halifiki, kwa hiyo unapogeuza hakikisha za nje zinaingia ndani. Ukikuta utando mweupe kama majivu kwenye mabua, mara nyingi hapo pamekauka.

#4
Ndugu zangu, chunguzeni pia samadi inakotoka. Dawa za magugu za aina ya aminopiralidi hupita tumboni mwa ng'ombe aliyekula nyasi zilizopuliziwa, na joto la lundo haliziondoi upesi. Nyanya na maharage ndiyo huumia kwanza. Kabla ya kusambaza shambani, panda maharage kwenye makopo: matatu yenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, matatu ya udongo mtupu. Linganisha baada ya wiki 3. Majani machanga yakijikunja kama kikombe kwenye yale ya mboji tu, mboji hiyo isiguse bustani ya mboga.