Tupeane uzoefu: uliwahi kukamatwa na polisi, halafu ukaomba kibali cha usalama Marekani, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Uliandika nini?

Boksi_Houston: Wakuu, za mapambano. Kuna dogo tulibeba naye maboksi ghala moja, sasa kapata kazi ya kompyuta kwenye kampuni yenye mkataba na wizara ya ulinzi. Kafungua SF-86, fomu ya kuombea hicho kibali, kafika sehemu ya 22, rekodi ya polisi, akaganda. Enzi za chuo alipigana baa, akalala mahabusu, kesi ikafutwa. Wakili wake alimwambia akiulizwa ajibu hajawahi. Kanipigia usiku huu, na mimi usingizi umekata maana nimekumbuka ya kwangu. Mliopita huko, mliandikaje?

Shangazi_Columbus: Huyo wakili anamwingiza chaka. Fomu yenyewe inasema andika hata kama mahakama imefuta rekodi, hata kama shtaka lilitupwa. Upo mwanya mmoja tu, wa kesi fulani za dawa za kulevya chini ya sheria ya shirikisho, na dogo haumhusu. Wakili alikuwa anawaza kazi za ghala.

Mwana_Kigamboni: Nakazia.

Kimya_Kingi: Mnakazia nini na hamjauliza ilikuwa lini? Swali la kukamatwa ni la miaka 7.

Boksi_Houston: 2021 mkuu.

Kimya_Kingi: Aandike.

Ngosha_Maryland: Hiyo miaka 7 ilitaka kuniponza. Nilikamatwa 2009 nikitoka harusini, usukani mkononi, pombe kichwani. Nilipojaza fomu 2019 nikajiona nimesalimika. Kushuka chini nakuta "umewahi maishani": mashtaka ya pombe, dawa za kulevya, silaha za moto, hayo hayana ukomo. Nikaandika yote, tarehe, kaunti, faini, mpaka lile darasa la walevi nililolazimishwa kuhudhuria. Nikajua nimemaliza.

Yakaja mahojiano. Chumba kidogo, mama wa makamo, mpole kama mwalimu wa chekechea, daftari mezani. Ulikunywa bia ngapi? Nani alikutoa? Siku hizi unakunywa na nani? Najibu tu. Halafu, bila kuinua macho: "Mkeo analijua hili?"

Wakuu, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Nimeoa 2014 na sikuwahi kumgusia. Nikasema hapana. Akaandika, mstari mrefu. Akaniambia bia za 2009 ni jambo moja, lakini mtu mwingine akijua ninachomficha mke wangu, anaweza kunishika pabaya.

Nikarudi nyumbani, namkuta mama watoto anachagua mchele. Nikamwaga yote. Hakuacha kuchagua. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni ya sinia, akasema: "Na lingine?"

Mjukuu_wa_Chifu: HALAFU?? Lilikuwepo lingine?

Mpemba_Minnesota: Natandika jamvi hapa hapa.

Fundi_Cherehani: Chai. Mpelelezi hakwambii anachowaza, anachukua maelezo anaondoka. Wa kuamua ni mtu mwingine kabisa.

Ngosha_Maryland: Kama chai, leta kitafunwa. Kibali nilipata.

Mjukuu_wa_Chifu: Mkuu hujajibu. Lilikuwepo?

Mzalendo_Dodoma: Mmeutupa uraia wa Tanzania, leo mnatapika siri zenu mbele ya wageni ili mlinde mabomu yao. Aibu.

Shangazi_Columbus: Mdogo wangu, kibali hakitolewi bila uraia wa huku. Ungetuachia uraia pacha tusingetupa chochote. Ada ya shule ya wapwa zangu inatoka kwenye aibu hiyo hiyo.

Mkamba_Dallas: Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilituruhusu kuwa na zote mbili, na bado ukifika hapo unaulizwa ile pasipoti nyingine inafanya nini kabatini. Hakuna pa kujificha.

Mwana_Kigamboni: Bongo upekuzi ukifika mtaani unaulizia kwa mjumbe, na wewe mjumbe huyo unamdai.

Mpemba_Minnesota: Huku wanagonga kwa jirani. Jirani yangu aliulizwa kama mimi ni mlevi, akasema hajui, ila nyumba inanuka vitunguu.

Kimya_Kingi: Dogo achukue nakala ya uamuzi wa kesi mahakamani kabla ya kujaza, asitegemee kumbukumbu. Faini za barabarani chini ya dola 300 aziache, kama hazina pombe wala dawa.

Fundi_Cherehani: Aandike hata hizo. Ziada haijamfunga mtu.

Kimya_Kingi: Ukimwaga visivyoulizwa unajiongezea maswali. Jibu swali, nyamaza.

Mtu_wa_Pwani: Mimi ya kwangu sikuandika na kibali ninacho. Tulieni.

Shangazi_Columbus: Futa hiyo komenti upesi. Siku hizi hawasubiri miaka ipite ndipo wakuchunguze upya, majina yanapitishwa kwenye mifumo muda wote. Na kusema uongo kwenye hiyo fomu ni kosa la shirikisho, mpaka miaka 5 jela. Ugomvi wa baa wala haufiki huko.

Mtu_wa_Pwani: Nilikuwa natania.

Mjukuu_wa_Chifu: Ngosha?

Ngosha_Maryland: Lilikuwepo. Halihusiani na polisi. Tuendelee na mada.

Boksi_Houston: Dogo kaandika, kaambatanisha na maelezo. Sasa kakwama sehemu ya 18, ya ndugu. Baba yake ana wake watatu Singida, anauliza ndugu wa baba mmoja nao wanaandikwa?

Kimya_Kingi: Wote. Na tarehe zao za kuzaliwa.

Boksi_Houston: Anasema baba mwenyewe hazijui.