Mjadala: Je, nyumba zinazowapumzisha walezi Kisumu zidhibitiwe kwa leseni?

Mzazi, Nyalenda: Ndugu zangu, naomba tulijadili wazi jambo ambalo wazazi wengi hulisemea pembeni. Familia inayomtunza mtu mzima mwenye ulemavu wa akili mara nyingine humwacha kwa siku chache kwa mama wa kanisani au mwalimu mstaafu, ili mlezi ahudhurie matanga, atibiwe, au apate usingizi tu. Mtoto hulindwa na Sheria ya Watoto ya 2022, lakini akitimiza miaka 18 huwa ametoka katika mipaka yake. Naona bunge la kaunti litunge sheria: kila nyumba iwe na leseni, kila mhudumu awe na cheti cha mwenendo mwema cha polisi, na ukaguzi ufanywe bila taarifa. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kinataka vituo vya namna hii visimamiwe na mamlaka huru.

Mwalimu, Kondele: Mama, kuhusu cheti cha polisi sina ubishi. Ninachohofia ni leseni, kwa sababu atakayetangulia kubisha hodi ni afisa wa majengo anayehesabu vyoo, na mwenye vyumba viwili atafunga mlango wake. Hapo mlezi aliyechoka atamfungia mwanawe ndani na kwenda zake. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 28, unaitaka serikali izisaidie familia maskini kulipia gharama za ulemavu, yakiwemo mapumziko ya walezi. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, hazifiki huko, tena si kila familia inazipata.

Mzazi, Nyalenda: Mwalimu, la vyoo nakubali. Hata hivyo, asiyeweza kusema hawezi kushtaki, na familia inayomtegemea msaidizi mmoja huogopa kumuudhi. Basi mkaguzi aanze na mtu, si jengo: dawa za kifafa zimeandikwa kwenye daftari na kutolewa kwa saa? Nani humwogesha binti? Nyumba inayopokea mtu mmoja au wawili isajiliwe katika ofisi ya wadi bila malipo; inayozidi hapo ndiyo idaiwe leseni kamili.

Mwalimu, Kondele: Kwa mpangilio huo tunaelewana, ila wakaguzi wawe wawili, na mmoja wao awe mzazi asiye na mtu wake katika nyumba inayokaguliwa.