Mrejesho: zile sarafu za senti tano za Marekani, 1942–1945

Aksanti sana wandugu. Niliuliza kutoka Lubumbashi kama sarafu zenye picha ya rais Jefferson alizoniachia mjomba zina madini ya fedha ndani.

Aliyesema nitazame nyuma, juu ya kuba la Monticello, nyumba ya Jefferson iliyochorwa hapo, amenisaidia kabisa. Kwa lenzi ya fundi saa nimeona herufi ya mji zilikotengenezwa: P kubwa kwenye mbili, ya Philadelphia, na S ya San Francisco kwenye moja. Hizo ni za wakati wa vita, fedha 35%, maana nikeli ilihitajika jeshini. Ile nyingine, ya 1942, haina herufi hapo: ni shaba 75% na nikeli 25% tu.

Sikuzisafisha, weusi wake umebaki.

Kupanga daraja la ubora kwa kuhesabu ngazi za jengo hilo kumeshindikana, zimelika, hazihesabiki. Nazitunza hivyohivyo, kwa furaha kubwa.