Aspirini inatosha kuzuia saratani ya ukoo? Naomba ushauri (Lamu)

AmuKimya
Assalaam alaykum wadau. Nina miaka 29, ni fundi wa milango hapa Lamu. Nimefungua jina jipya kwa sababu mji wetu ni mdogo na kila mtu ni jamaa ya mtu.

Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 41, mimi niko darasa la pili. Babu naye alikufa "na tumbo", ndivyo tulivyoambiwa. Mwaka huu kaka yangu aliyeko Uingereza, ana 47, amekatwa kipande cha utumbo. Huko saratani ya utumbo ikionekana huangaliwa pia kama ni ya kurithi, naye akaambiwa ana sindromu ya Lynch, yaani hali ya kurithi inayoleta saratani, kwa kuharibika jeni iitwayo MSH2. Akapewa barua awape jamaa zake wa damu. Barua hiyo iko kwenye simu yangu, hii wiki ya sita.

Nimesoma utafiti mmoja. Watu 861 wenye Lynch, nusu walipewa aspirini miligramu 600 kila siku, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Walipofuatwa miaka kumi, waliopata saratani ya utumbo walikuwa 9 kwa mia upande wa aspirini na 13 kwa mia upande wa pili. Mimi nimeshaanza kumeza. Ninachouliza ni kimoja: nimeze kiasi gani, na nikimeza kila siku naweza kukaa bila kupimwa?

Nahodha_Kiwayu
Wa alaykum salaam. Kijana, aspirini ilitaka kuniua. Mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kuvuta nyavu, nikawa nameza kila asubuhi bila kula kitu. Mwezi wa tatu nikaanza kupata choo cheusi kama lami. Nilidhani ni pweza niliyekula. Nikaanguka mashuani, kaskazi inavuma, wanangu wakanileta Lamu mjini nimelala juu ya tanga. Kumbe vidonda vya tumbo vilikuwa vinatoka damu ndani kwa ndani. Tangu siku hiyo dawa hiyo haiingii nyumbani mwangu.

Mkulima_Witu
Kula ndizi mbichi, hata hizo dawa hutahitaji. Kuna wazungu waliwapa watu wenye ugonjwa huo huo wanga wa ndizi mbichi na saratani ikapungua. Mimi ninazo shambani, njoo na gunia.

Muuguzi_Pwani
Mkulima, utafiti huo ni wa watu hao hao wa aspirini, ulioongozwa na daktari John Burn wa Newcastle, Uingereza. Matokeo ya wanga yalitoka 2022. Saratani za sehemu nyingine za mwili, hasa zile za juu ya tumbo, zilipungua kwa karibu nusu. Za utumbo mpana hazikupungua hata kidogo. Ndizi ni chakula kizuri, mpe, lakini usimwambie inatosha.

AmuKimya, nikujibu ulichouliza. Hao 861 walishajulikana kuwa na Lynch, na walikuwa chini ya madaktari waliokuwa wakiwaangalia utumbo kwa kamera. Aspirini iliongezwa juu ya kamera, haikuchukua nafasi yake. Wewe hujapimwa lolote, unameza dawa inayoweza kukutoa damu kwa ajili ya jeni mbovu ambayo pengine huna. Nahodha amekueleza inavyokuwa. Usiendelee mpaka uonane na daktari.

Kinachookoa zaidi ni kamera. Finland waliwafuata watu wa koo kama yenu miaka 15. Waliokuwa wakipimwa kila miaka mitatu walipata saratani ya utumbo pungufu kwa asilimia 62 kuliko wasiopimwa. Sababu ni nyepesi: saratani hii huanza na kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na daktari akikiona hukikata pale pale, wewe umelala. Kwa Lynch kinyama hicho hugeuka haraka, ndiyo maana siku hizi husemwa mwaka mmoja hadi miwili, si mitatu.

Sasa mimi nikuulize. Upande wa wanawake wa ukoo wenu je? Kuna aliyeugua saratani ya mji wa mimba? Na wewe una mke au watoto?

AmuKimya
Ahsante dada. Sina mke wala mtoto. Shangazi mmoja alifariki kwa ugonjwa wa wanawake, zamani kidogo. Je, miligramu 75 itakuwa na nafuu kuliko 600?

Mama_Mkomani
Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimezaa sita. "Ugonjwa wa wanawake" ndiyo nini? Umeulizwa jambo la watu ukajibu la vidonge. Mtu akiogopa swali huliruka kama anavyoruka mtaro. Kuna kitu wakifita. Sema, hapa hakuna akujuaye.

Dada_Malindi
Samahani kuingilia, huu uzi umenitoa machozi. Ndugu yangu alikuwa anatoka damu, kila akienda zahanati anaambiwa bawasiri, anapewa dawa ya kupaka. Nyumbani wakamfanyia kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani), akanywa siku saba, akapata nguvu kidogo, tukashukuru. Mwaka mzima ulipita hivyo. Alipofikishwa Mombasa ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alikuwa na miaka 34, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kijana wa 34 anaweza kupata saratani ya utumbo. Sikumbuki kama kuna aliyemuuliza ukoo. Mama yetu mwenyewe alifariki na tumbo.

Muuguzi_Pwani
Dada, pole sana. Na wewe uende, wewe na ndugu zako wote. Nakuandikia pembeni.

AmuKimya
Haya, Mama. Nimeposa. Arusi ni Mfungo Saba, baada ya Maulidi. Mahari yameshatolewa, na wazee wamekaa.

Bi arusi ni binti wa shangazi yule. Shangazi alifariki kwa saratani ya mji wa mimba, ana 46.

Najua mtasema nini. Lakini fikirieni na nyinyi. Kwetu kuoana kwa binamu si jambo geni, babu na nyanya walikuwa binamu. Nikisema sasa, posa itavunjika, na si yangu tu. Nina dada wawili hawajaolewa. Itasemwa mtaani kwamba nyumba ile ina ugonjwa. Nimeamua nimuoe kwanza, kisha taratibu nitamwambia, tupimwe pamoja kama mke na mume. Kila kitu ni kadari.

Fumo_Pate
Kadari haikatazi kufunga kamba ya mashua. Mimi nilimuoa binti wa ami na tuna watoto wanne wazima, alhamdulillahi, sina ubaya na ndoa za jamaa. Lakini kuoa kwa kuficha kasoro (ya mwili au ya mali) si haki ya mwanamke. Muulize kadhi wako.

Muuguzi_Pwani
Sikuambii usimuoe. Nakueleza inavyokwenda.

Jeni huja kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye Lynch ana moja nzima na moja mbovu, na kila mtoto wake anaweza kurithi ile mbovu au ile nzima, nafasi ni sawa. Kwa hivyo wewe unaweza kuwa nayo au usiwe nayo. Shangazi yako, kwa umri ule na ugonjwa ule, karibu hakika alikuwa nayo, basi binti yake naye, kama wewe, anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Mmoja wenu akiwa mzima, mambo ni kama ndoa nyingine ya mtu mwenye Lynch. Mkiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata mbovu mbili. Mtoto huyo hangoji miaka 40. Saratani humwanza udogoni: ya ubongo, ya damu, ya utumbo.

Lakini mimi hata sijafika kwa watoto. Ninayemfikiria ni yeye. Mama yake amekufa kwa ugonjwa huu na hajui kwamba ni wa kurithi. Hata akiolewa na mtu wa Kisumu asiyewahi kumuona, mwili wake ni ule ule. Barua ile ni yake kama ilivyo yako. Wiki sita umeikalia barua ya mtu mwingine.

Msumeno
Naona watu wanalia bure. Uzi huu umetungwa. Jina jipya, tatizo limepangwa kama tamthilia: baba, kaka, shangazi, bi arusi. Hebu tupige hesabu. Mtoa mada ana 29, baba alikufa yeye akiwa darasa la pili, tuseme ana miaka 8. Ni miaka 21 iliyopita, baba ana 41, basi leo angekuwa na 62. Kaka ana 47. Yaani baba alimzaa akiwa na miaka 15! Pili, utumbo mpana na mji wa mimba ni vitu viwili mbali mbali, jeni moja itaharibuje vyote? Mtunzi amesahau kusoma.

Nahodha_Kiwayu
Hesabu ya Msumeno imesimama. Kijana, umetuchezea? Mimi nimekueleza habari ya damu yangu.

Muuguzi_Pwani
Hesabu ajibu mwenyewe. Hilo la pili, kwamba jeni moja huharibu vyote viwili, ndilo la kweli kuliko yote humu. Mwaka 1895 mshona nguo mmoja wa Michigan, Marekani, alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani ya utumbo au ya uzazi, kwa kuwa ndivyo watu wa kwao wanavyokufa. Akafa kweli kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin akaandika habari za ukoo ule mwaka 1913. Henry Lynch akaandika za koo mbili nyingine mwaka 1966, na miaka mingi madaktari wenzake hawakumuamini kwamba saratani inaweza kurithiwa hivyo. MSH2 yenyewe ilipatikana 1993. Kazi yake ni kusahihisha makosa seli inapojinakili. Ikiharibika, makosa hujilimbikiza, na utumbo na mji wa mimba ndiko yanakoanza kuonekana.

AmuKimya
Sikutunga. Kaka ana 39. Niliongeza miaka kwa sababu ukisema fundi wa milango mwenye kaka wa 39 Uingereza aliyekatwa utumbo, mtaa wa Langoni mzima utajua ni mimi. Mengine yote ni kama nilivyoandika. Nahodha, nisamehe.

Msumeno
Kama ni hivyo, na mimi niwie radhi. Mungu amponye kaka yako.

Muuguzi_Pwani
Ungeniambia 39 tangu mwanzo. Kuna kipimo cha zamani cha kutambua koo za namna hii: jamaa watatu, vizazi viwili, mmoja chini ya miaka 50. Nyinyi mna watatu, na wote wako chini ya 50. Kamera kwenu huanza miaka 25 au mapema zaidi. Wewe una 29.

Na ukienda kwa daktari, chukua barua nzima, si picha ya ukurasa wa kwanza. Ndani imeandikwa herufi gani ya jeni imeharibika. Maabara wakijua pa kuangalia, hutafuta mahali pamoja tu, na gharama hupungua sana.

Mama_Mkomani
Mwambie yeye kabla ya wazee. Mtoto aliyefiwa na mamake ana mato makali, pengine ameshaona kitu usoni mwako.

AmuKimya (siku nne baadaye)
Nimemwambia. Kaka yake alikuwepo, tulikaa barazani kwao baada ya isha, nikawasomea barua kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama mamake angeweza kupona lau ingejulikana. Nikamwambia sijui. Posa haijavunjwa wala haijathibitishwa, wazee wanakaa Ijumaa. Dada yangu mkubwa hasemi na mimi.

Jumatatu tunavuka Mokowe na boti ya alfajiri, mimi, yeye na kaka yake, tupande basi la Mombasa. Nimepewa nafasi ya kamera Jumatano, yeye ataonana na daktari wa wanawake. Aspirini nimeacha. Dada Muuguzi, hii dawa ya kusafisha tumbo ninywe hapa kabla ya safari au huko?

Muuguzi_Pwani
Huko huko, Jumanne jioni, na sehemu iliyobaki Jumatano asubuhi kama watakavyokuandikia. Usiiguse kabla ya basi, njia ya Garsen ni ndefu na dereva hatakusubiri. Kuanzia Jumapili acha mboga za majani, maharage na matunda ya mbegu. Kula wali mweupe na samaki. Tafuta chumba chenye choo ndani. Mwambie daktari kwamba ulikuwa unameza aspirini, na tangu lini.